Nyumba ya Pimbi Iliyokunywa Bwawa

Paukwa!
Pakawa!
Nanyi watu wazima mlioko nyuma, sijawasikia. Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, kiangazi kikiwa kikali, Pimbi alijenga nyumba juu ya kilima. Nyumba ya mawe meusi. Mlango mmoja, mkubwa, umetazama machweo, ili wapita njia wote wauone. Dirisha hakuna. Migunga iliyotia kivuli aliikata yote. "Itanifichia nyumba," alisema.

Wakahamia, yeye, mkewe, na binti yao mchanga, Kijino.

Jua likapanda. Jua likapinda. Likaingia mlangoni. Mawe yakawaka. Kijino akahema: he! he! he!

"Baba Kijino, mtoto anaungua!"

"Mwagia ukuta maji."

Mama akashuka bwawani, chini ya kilima, akateka kibuyu, akapanda, akamwaga. Tshsss! Ukuta ukapoa. Ukawaka tena. Akashuka, akateka, akapanda, akamwaga. Tshsss! Hivyo kutwa, siku tatu.

Siku ya nne akamkuta Swala bwawani.

"Mama Kijino, tazama. Juzi maji yalinifika magotini. Leo yananilowesha kwato tu. Wanangu watakunywa nini?"

Mama akakitazama kibuyu. Akiteka, wa Swala watakufa. Asipoteka, wake atakufa.

Akatupa kibuyu. Akapanda mbio, akambeba mtoto. Kijino sasa alihema polepole: he... he... Macho ameyafumba.

"Unampeleka wapi?" Pimbi akauliza.

"Kichuguuni, kwa Mchwa."

"Kwa wadudu wa udongo? Watu watanicheka!"

"Wakucheke. Mimi namtaka mwanangu."

Mchwa akamwonyesha tundu la chini. "Mlaze hapa." Ndani kulikuwa na ubaridi. Mama akangoja. Mtoto kimya. Akangoja. Mtoto kimya. Pimbi naye akafika, anatweta.

"Yu hai?"

Kisha, chwi! Sauti ndogo. Chwi! Kijino akapapasa, akalitafuta titi la mamaye.

Pimbi akaketi chini, akalia mbele ya watu. Alipomaliza kulia, akauliza, "Mchwa, nyumba yako ina dawa gani?"

"Inapumua. Hewa ya moto inatokea juu, ya baridi inaingia chini. Udongo ni wa papa hapa, na haimnyang'anyi mtu maji. Wewe ulijenga ya kutazamwa."

Pimbi akaibomoa nyumba yake kwa mikono yake, jiwe baada ya jiwe, gu! gu! gu! Akajenga nyingine ubavuni mwa kilima, ndogo, ya udongo, mlango umelipa jua kisogo, tundu chini, tundu juu. Akapanda migunga, akaingoja miaka. Bwawa halikujaa mpaka masika. Na Swala hakumwitikia salamu mpaka masika.

Watoto, nanyi wazazi: nyumba ni ya kukaa, si ya kutazamwa. Ukijenga nyumba inayokula nchi, nchi ikiisha nyumba hiyo itakula wanao.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nimeimeza mimi kwanza.