Hatibu na Kokwa Nyuma ya Pazia

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba palikuwa na mji wa wacha Mungu ambao watu wake waliona haya kugombea ukubwa. Viongozi wao waliwachagua kwa namna iliyokaribia ile ya Wamarekani wa mwanzo, ambao kila mteuzi wao alitaja watu wawili bila kusema yupi awe rais na yupi makamu. Aliyeongoza akawa rais, aliyemfuatia akawa makamu. Katika mji huu mabakuli yaliwekwa msikitini nyuma ya pazia, kila bakuli la mtu mmoja. Kila mzee akaingia peke yake na kokwa mbili za tende, akazitia katika mabakuli mawili tofauti. Kujitilia mwenyewe kulikuwa mwiko.

Mwaka huo walikubaliana kwamba Shekuwe bin Nadhiri awe Mkuu, na Hatibu bin Sururu awe naibu wake. Lakini kama wote wangewatilia hao wawili, si wangelingana? Basi Mzee Mbaraka, mcha Mungu aliyefifia macho, akaombwa kokwa yake ya pili aitie bakuli la mtu mwingine, ili Hatibu apungukiwe. Hatibu akasema mbele ya watu, "Mimi ni msaidizi wa Shekuwe. Ukubwa siutaki."

Maneno matamu hayo, jamani! Alipobaki peke yake nyuma ya pazia, nafsi ikamshawishi, naye akaitia kokwa moja katika bakuli lake mwenyewe.

Imamu alipozihesabu, za Shekuwe na za Hatibu zikawa sawasawa. Watu hawakumtazama Hatibu. Walimtazama Mzee Mbaraka.

"Mzee wetu, ulitia wapi?" Imamu akauliza kwa upole.

"Nilipapasa, nikatia bakuli la mwisho. Ndivyo nilivyodhani. Astaghfirullah, labda mkono umekosea."

Mtu mmoja akaguna, "Asiyeona anapewaje amana ya mji?" Mzee akainamisha kichwa, akatafuta viatu vyake kwa kupapasa, akatoka. Na Hatibu je? Akaendelea kuvuta tasbihi. Imamu akaamuru uchaguzi urudiwe baada ya Alasiri.

Adhuhuri ilipokwisha, pakabishwa hodi nyumbani kwa Hatibu. Alikuwa Mzee Mbaraka, amefika kwa kushika kuta. Akakaribishwa, akakataa kukaa.

"Mwanangu Hatibu, nimekuja kukuomba radhi. Watu watasema una tamaa ya ukubwa, kumbe kosa ni langu. Nimekuchafulia jina lako."

Subhanallah! Hatibu alishindwa kuunyanyua uso wake mbele ya mtu asiyeweza hata kuuona. Hapo ndipo mahali pa kusema kweli. Ulimi ukamwendea kombo, akajibu, "Nimekusamehe, mzee wangu."

Mzee akamshukuru, akamwombea dua, akaenda zake. Bi Mwanahawa, mkewe Hatibu, akamtazama mumewe. "Umemsamehe nini, bwana?" Hatibu akajifunika uso kwa kilemba, akalia.

Baada ya swala ya Alasiri, kabla pazia halijashushwa, alisimama.

"Mzee Mbaraka hakukosea. Kokwa iliyozidi niliitia mimi, katika bakuli langu. Na leo mchana amekuja kuniomba radhi, nami..." Akamgeukia Mzee Mbaraka. "Nami nikaipokea."

Aliyeguna asubuhi akatazama mkeka. Shekuwe akafanywa Mkuu, na unaibu akapewa mwingine, kwa ombi la Hatibu mwenyewe. Kisha Hatibu akapiga magoti mbele ya Mzee Mbaraka, akamshika mkono.

"Nimekwisha kukusamehe, mwanangu," mzee akasema. "Ila tangu asubuhi siuamini mkono huu. Hata udhu nimekuwa nikiurudia na kuurudia, nikihofu nimekosea viungo."

Hatibu akaubusu mkono ule. Wasimulizi wanasema aliishi miaka mingi baada ya siku ile, na kila alipotawadha alilia.

Ndugu zangu, sote tunamwomba Mola atusitiri aibu zetu, naye ni Mwenye kusitiri. Lakini tuangalie, isije ikawa sitara tuliyojifunika ni nguo tuliyomvua mwenzetu.