Marufuku ya Bwana Haskell

Kwenye shamba moja la miwa huko Hawaii, vibarua wa kila taifa waliongea kipijini, lugha ya mchanganyiko waliyojitungia wenyewe. Msimamizi wao, Bwana Haskell, akahisi anasengenywa. Akafoka: "Yeyote atakayetamka neno lao hata moja, atakata miwa ya kundi zima siku nzima, peke yake!"

Hatsue, mpishi wa vibarua, akamwendea kwa adabu na karatasi.

"Bwana, wengine watasingizia hawakujua umekataza maneno gani. Nimeyaandika. Wasomee mwenyewe, tena kwa sauti."

Haskell akapanda juu ya pipa, mwenye shamba naye akisikiliza.

"Kaukau, yaani chakula! Hapai, yaani beba! Da kine, yaani nanihii! Pau, yaani kwisha! Mmesikia?"

"Tumesikia, bwana," akajibu Hatsue, akimkabidhi panga. "Manne. Siku nne."

Haskell akamgeukia mwenye shamba, akamkuta anafuta machozi ya kicheko.

"Si ulisema yeyote?" akauliza mwenye shamba.

Jioni ya siku ya nne, mgongo ukiwa umepinda kama ndoano, Haskell aliangusha muwa wa mwisho, akatupa panga na kushusha pumzi.

"Pau!"

Hatsue, aliyekuwa akipita na sufuria ya wali, akasimama.

"Tano, bwana."