Keria Isiyotoboa Paa

Naomba tusikilizane kidogo, wapendwa. Mama wa pale nyuma, mnyonyeshe tu mtoto, hatuna haraka. Leo sina maneno makubwa. Nina pikapu, nina keria, na nina bibi mmoja aliyetaka dirisha.

Palikuwa na mpima ardhi, mtu wa safari. Kazi yake ilimweka porini wiki nzima, kwa hiyo nyuma ya pikapu yake alikuwa amefunga kibanda cha kulala, cha faiba, chenye godoro na jiko la gesi. Paa lake halikuvuja hata tone. Alilipenda paa lile, jamani! Mvua ikipiga, yeye amejilaza chini yake na chai mkononi, anajiona mfalme.

Mama yake aliishi mlimani, kijiji cha baridi. Miguu ilikuwa imemgomea, akawa mtu wa kitandani. Dirisha la chumba chake lilikuwa la mbao. Likifunguliwa, upepo unamwingia kifuani, anakohoa mpaka jioni. Likifungwa, ni giza. Bibi akamwambia mwanawe, "Baba, mimi sikusumbui kwa mengi. Niletee dirisha la kioo. Nataka nikuone unavyokuja barabarani, basi."

Ombi kama hilo nani angelikataa? Fremu mbili za kioo zikatengenezwa. Lakini hazikuenea kibandani, ikabidi juu ya paa iwekwe keria ya kubebea mizigo. Mpima ardhi akaenda kwa fundi.

"Natoboa matundu manane, napiga bolti," fundi akasema. "Haitikisiki hiyo."

"Utoboe nini? Paa langu? Fundi, thubutu!"

Fundi akacheka, akalizunguka gari mara mbili. Akaona kwamba pembeni mwa paa, kulia na kushoto, kuna ukingo uliojitokeza. "Basi nitaibana hapa," akasema. "Vibano sita vya chuma, chini yake naweka vipande vya mpira wa tairi, hutaona tundu hata moja. Lakini nisikilize, mzee. Ya bolti hukaa yenyewe. Ya kubana hulegea kwa mtikisiko. Kila asubuhi kabla hujawasha gari, panda na spana, kaza nati. Umenielewa?"

"Hilo tu? Nimekuelewa."

Na alikaza, msidhani alikuwa mzembe. Kwa mama alipanga kwenda wiki ile ile, lakini kazi zikaingiliana, zikapita wiki nane. Wiki ya kwanza alikaza nati kila asubuhi. Ya pili, alikaza akikumbuka. Baadaye akawa anaishika keria kwa mkono, anaitikisa kidogo, anasema, "Si ipo?" Mnaijua sentensi hiyo, eti? Tunaisema wote.

Sasa sikilizeni kinachoniuma mimi. Kupanda hakuacha! Kila asubuhi alipanda na kitambaa, akachungulia pembeni mwa vile vipande vya mpira, kuangalia kama rangi ya paa imechubuka. Nati ziko hapo hapo, karibu na kidole chake. Anafuta vumbi, anaridhika, anashuka.

Siku ya safari ikafika. Akazifunga fremu kwa mablanketi, akazikaza kwa kamba, fundo juu ya fundo. Alikwenda vizuri mpaka kona ya mwisho kabla ya kijiji, pale penye mawe. Gari likaruka mara moja, akasikia mlio ambao hakuhitaji kuuliza ni wa nini. Kamba hazikukatika, wapendwa. Keria yenyewe ndiyo iliyochomoka, ikaanguka pamoja na mzigo wake. Na aliposhuka, mnajua alitazama nini kwanza? Alitazama paa. Lilikuwa zima, halina hata mchubuko.

Akaingia kwa mama yake mikono mitupu. "Mama, vioo vimevunjika."

"Umeumia, baba?"

"Hapana."

"Basi. Kioo ni kioo."

"Mwezi ujao nakuletea vingine, mama. Mungu ni shahidi."

Bibi akamshika mkono. "Haya," akasema. "Lakini hata bila dirisha, wewe uje tu."

Hakuumaliza mwezi ule. Alifariki siku ya kumi na tisa, asubuhi, dirisha la mbao limefungwa kwa sababu ya upepo. Baada ya maziko mpima ardhi alirudi kwa fundi, akasimama mlangoni pa gereji, mtu mzima analia. "Bora ungenitobolea tu," akasema. Fundi alikuwa na la kumjibu, na lilikuwa la haki. Akalimeza. Akamvutia kiti.

Sisi je? Nani kati yetu amefungwa kwa bolti kwa mama yake? Nani amefungwa kwa bolti kwa mkewe, kwa ndugu yake, kwa Mungu wake? Hakuna. Mungu angeweza kututoboa akatufunga kwake tusitikisike milele. Hakutaka. Alituacha tushikamane naye kwa hiari, na cha hiari hulegea. Hakilegezwi na dhambi kubwa, jamani, tusijidanganye. Hulegezwa na barabara tu, na Jumatatu, na Jumanne, na "nitampigia kesho." Nasi Jumapili tunakuja hapa na vitambaa vyetu, tunajikagua kama tumechubuka, kama watu watatuona tuko safi. Nati hatuzigusi. Mimi pia sikuzigusa, nawaambia ukweli, na hakuna siku nisiyojuta.

Sitawaambia mkatafakari nyumbani. Tukishatafakari, tunaahirisha. Kwaya, kaeni kwanza. Mwenye mama aliye hai, au baba, au ndugu ambaye hamjasemezana naye, chukua simu yako utoke nje sasa hivi. Usimwahidi kitu. Mwulize ameamkaje, halafu sikiliza jibu mpaka mwisho. Sadaka itasubiri. Tokeni, msione haya. Sisi ambao hatuna tena wa kumpigia tutabaki humu ndani, tuwangoje.