Uso wa Kwanza wa Bibi Naetwe

Sogeeni karibu, na mwenye gari asikae nyuma, maana kisa hiki kinamhusu kuliko wengine.

Kule milima ya Upare walikuwepo watu watatu wenye vipawa vitatu. Mwalimu Elisifa, mstaafu, alikuwa na kipawa cha maneno: angekuomba shati ulilovaa, ukalivua na bado ukamshukuru. Fundi Senzia alikuwa na kipawa cha mikono. Injini iliyokataa kila mtu, kwake ilikohoa ikawaka. Na Kiondo, bodaboda wa pale njia panda, alikuwa na kipawa cha kuvumilia kuchekwa, kwa sababu pikipiki yake ilikuwa ya umeme, haina mlio, na wenzake waliiita pasi, kama ile ya kunyooshea nguo.

Nakijwa, binti wa kijiji cha juu mlimani, naye alimcheka. Tena yeye alicheka zaidi, maana alikuwa na pikapu ya dizeli, kuukuu lakini yake, na siku hizo alidhani mwenye pikapu hawezi kukwama.

Mama yake, Bibi Naetwe, alikuwa na mwaka wa sita haoni. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwaka huo madaktari wa macho wakaja hospitali ya bondeni kwa siku tatu tu, na mwisho wa kuandikisha wagonjwa ulikuwa Jumanne saa sita mchana. Bibi akatangaza jambo mbele ya ukoo. Baraka aliyoachiwa na marehemu mumewe alikuwa hajampa mtu. Sasa ataitoa kwa uso wa kwanza atakaouona akifunguliwa macho. Na kwao baraka ya namna hiyo hutolewa mara moja, kwa mtu mmoja. Haigawanywi.

Basi Jumatatu Nakijwa akashuka njia panda kujaza dizeli. Mnajua wenyewe mambo yalivyo: bei mpya hutangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ikinong'onwa tu kwamba itapanda, pampu zinakauka ghafla kama kisima cha kiangazi. Alimkuta mwenye kituo ameketi kwenye kiti cha plastiki, pampu imefungwa kamba. Nyuma yake lori la mafuta lilikuwa linashusha mzigo, mpira umezama kwenye tangi la ardhini, harufu imejaa hewani.

"Dizeli hakuna, dada," mwenye kituo akasema. "Njoo Jumatano."

Nakijwa akamweleza habari ya mama yake na macho. Yule bwana akasikiliza mpaka mwisho, akampa pole, akarudia kwamba dizeli hakuna. Nami nawauliza: hiyo ni biashara, au ni wizi wenye risiti? Nakijwa alipanda mlima, na tangi likakauka alipofika uani kwake.

Bibi alimsikia anavyoubamiza mlango wa gari. Akauliza kwa sauti ndogo, "Basi tena, mwanangu?"

Swali hilo lilimfikia Mwalimu Elisifa kupitia uzio wa majirani. Jioni ile ile akashika dumu akaanza kupita nyumba hadi nyumba. Kijijini kulikuwa na magari mengine matatu na trekta moja, na kila mmoja alikuwa ameficha kidogo alichonacho, kwa sababu dizeli ya leo ingekuwa ghali zaidi keshokutwa. Mwalimu hakumgombeza mtu. Aliwauliza tu kwa nini magari matatu yashuke sokoni nusu matupu wiki hii, wakati moja lingewabeba wote. Asubuhi ya Jumanne alikuja na lita nne, na abiria saba nyuma ya pikapu.

Lita nne ziliwafikisha njia panda. Gari likazima mbele ya kituo kile kile, kamba bado ipo kwenye pampu, na mwenye kituo akawapungia mkono.

Hapo zamu ikawa ya Fundi Senzia. Tangu jana yake alikuwa amezunguka kwa wauza chipsi wote wa njia panda akikusanya mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, akayachuja kwa kanga mara tatu. Akayapasha moto, akayamimina, akainama kwenye injini. Pikapu ikakohoa, ikawaka, naye akapanda, ikaondoka inanukia chipsi barabara nzima. Abiria walicheka mpaka machozi. Nakijwa hakucheka, alikuwa anatazama saa.

Lakini muuza chipsi mmoja alikuwa amekaangia na dagaa humo, na hakusema. Senzia aliona mafuta meupe akayaamini. Kilomita tisa kabla ya hospitali chujio la dizeli likaziba kwa masalia ya dagaa, gari likafa katikati ya mashamba ya mkonge. Saa tano na nusu.

Senzia akampigia simu Kiondo. Siku ile ya uhaba hata petroli haikuwapo, pasi ndiyo iliyokuwa inatembea peke yake njia panda, na Kiondo alikuwa na abiria wa kumwaga. Akawaacha. Alifika kimya kimya, betri ikiwa imebakiza robo, akamtazama Nakijwa bila neno la kisasi.

"Bibi, nishike kiunoni," akasema.

Akamfikisha getini dakika mbili kabla ya saa sita. Pale pale betri ikakata, akasukuma pikipiki kwa mkono mpaka kivulini. Bibi Naetwe akaandikwa wa mwisho, akapasuliwa jioni ile.

Jumatano asubuhi wakakusanyika wodini, na ubishi ukaanza. Mwalimu alisema bila mdomo wake gari lisingetoka uani. Senzia akajibu kwamba dizeli ile ilikuwa ya majirani, si yake, tena ilikwishia mlangoni pa kituo. Kiondo akasema gari lilikufa kwa mafuta ya Senzia, na Bibi aliingia hospitali kwa umeme. Mwalimu akamkumbusha kilomita zake ni tisa tu. Nakijwa alisikiliza. Gari ni lake, mama ni wake, na kwa miaka sita mama huyo hajauona uso wake.

Muuguzi akaja, akashika plasta kwenye jicho la kulia, akasema asimame mtu mmoja tu mbele ya kitanda.

Na hapo mlango ukafunguliwa. Akaingia mwenye kituo, amekuja kumchukua baba yake aliyelazwa kitanda cha jirani, aliyeletwa Jumapili kwa gari lenye tangi lililojaa. Akamtambua Nakijwa, akasogea kwa heshima zote mpaka usawa wa uso wa Bibi, akatabasamu.

"Dizeli ipo sasa, dada," akasema. "Karibuni."

Bibi akageuza uso kuielekea ile sauti. Plasta ilikuwa imekwisha kubanduka nusu, na watatu wale bado wanabishana.

Haya, wasikilizaji wangu, msinitazame mimi. Nakijwa ana nafasi ya kumsukuma mtu mmoja mbele ya yule bwana. Amsukume nani? Semeni upesi, kope za Bibi zinafunguka.