Amplifaya Tatu za Shomvi

Paukwa!

Pakawa!

Sogezeni kuni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, nikianza sitaki kukatizwa.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na maduka yao na umeme wao, paliondokea mtu mmoja, Shomvi. Mkewe, Mwanakheri, alifariki akamwachia kaseti moja aliyojirekodi akiimba huku anapepeta mchele. Shomvi alikuwa na deki ya kupigia kaseti na spika mbili ndogo. Amplifaya hakuwa nayo, na bila amplifaya spika ni bubu.

Akamwendea Mjusi, fundi aliyejifunza kazi kwa kulala ndani ya redio mbovu. Mjusi akautazama utepe kwenye mwanga.

"Umelika, Bwana Shomvi. Utapigika mara tatu. Ya nne usiitegemee." Akazigeuza spika. "Hapa pameandikwa wati ishirini. Na chumba chako ni hatua nne kwa nne. Chukua hii ndogo."

Shomvi akaipima mkononi. Watu wa mji ule walichagua amplifaya kwa kuibeba begani. Iliyomtoa mtu jasho ndiyo nzuri. Hii ilikuwa nyepesi kama kopo tupu.

"Nimsikie mke wangu kwa kitu hiki? Wewe Mwanakheri unamjua?"

"Nimekaa darini kwenu miaka sita. Chukua ndogo."

Shomvi akaondoka kakunja uso. Akaenda kwa Fisi, muuza amplifaya.

"Beba kwanza, kaka, maneno baadaye," akasema Fisi.

Shomvi akabeba, jasho likamtoka. "Hii ina nguvu?"

"Inatosha uwanja mzima."

Fisi hakudanganya hata neno. Nguvu ilikuwamo, ila hakuulizwa spika ni za wati ngapi.

Shomvi akaunganisha waya, akaizungusha sauti mpaka mwisho. Mwanakheri akaimba neno moja, karatasi za spika zikachanika. Mara ya kwanza ikaenda.

Mjusi akachungulia kutoka darini. "Chukua ndogo, Bwana Shomvi."

"Nyamaza, fundi. Ubaya ni wa spika."

Akarudi kwa Fisi, akachukua amplifaya nzito zaidi, na spika zenye kimo cha mlango. Alasiri akawasha. Kuta zikatikisika, vikombe vikaanguka, wimbo ukawa ngurumo tupu. Majirani wakaja mbio wakipiga vigelegele. Kwao, muziki mkubwa nyumbani kwa mtu aliyefiwa na mke ulikuwa na maana moja.

"Bwana Shomvi, hongera," akasema Kanga, jirani yake, akicheza mlangoni. "Bibi harusi yuko wapi, tumwone?"

Shomvi akazima. Akafunga mlango, akakaa chini kati ya vigae vya vikombe, akalia. Mara ya pili ikaenda.

Mjusi akashuka mwenyewe. Akazipaka spika ndogo gundi kwenye michaniko, akaunganisha ile amplifaya nyepesi aliyoileta kutoka dukani kwake, akarudi darini.

Shomvi akawasha. Sauti ikatoka taratibu, ikaenea chumba chote, isizidi. Akausikia mchele ukirushwa kwenye ungo. Akaisikia pumzi ya mkewe kati ya ubeti na ubeti. Akaisogelea spika mpaka sikio likagusa kitambaa chake, na kwa kuwa hakutosheka, akaongeza sauti kidogo. Akaongeza tena kidogo.

Wimbo ukaisha. Ungo ukawekwa chini. Halafu Mwanakheri akasema, kama alivyomwambia kila siku walipoishi pamoja:

"Shomvi, punguza redio, mume wangu. Nataka nikwambie kitu."

Mkono wa Shomvi ukanyooka kupunguza. Kabla haujafika, utepe ukakatika.

Taa ya amplifaya ikaendelea kuwaka, na spika zikabaki zinavuma polepole. Shomvi akakaa pale pale, mkono umenyooka. Darini Mjusi hakusogea.

Hadithi yangu nayo utepe wake umekatikia hapo. Aliyeacha nyumbani mtu anayemsubiri, ainuke sasa hivi aende.