Jinsi Njaa Alivyoushika Mkono wa Kongosho

Sogeeni karibu, na anayetafuna ameze kwanza, maana habari hii haisikilizwi kwa mdomo uliojaa. Mimi mwenyewe siipendi. Kila nikiisimulia moyo hunienda mbio, ingawa najua inavyoishia.

Zamani hizo mwili wa mtu ulikuwa kijiji chenye nyumba nyingi, na sukari ilipita njiani, ndani ya damu, ikitafuta pa kuingia. Funguo za nyumba hizo alikuwa nazo Kongosho, mzee mpole aliyeishi nyuma ya Tumbo. Akizituma funguo, milango hufunguka, misuli hupata nguvu na mafuta huweka akiba. Ubongo peke yake hakuhitaji funguo. Alikaa juu, hana mlango wala ghala, akila kile kilichopita mbele yake saa ile ile. Njia ikikauka, Ubongo huzimika, na mwenye mwili huzimika naye.

Tumbo alikuwa na binti aitwaye Njaa. Hakuna aliyempenda, maana ulimi wake ulikuwa mkali. Kazi yake ilikuwa kupanda kwa Ubongo na kulalamika kwamba chungu ni kitupu. Kwa Kongosho hakuruhusiwa kukanyaga. Huko alikwenda Shibe, binti wa Utumbo, mwenye maneno laini, kupeleka habari kwamba chakula kimefika. Basi mzee alizoea kuletewa habari njema tu, na mtu wa namna hiyo ni wa kuogopwa, hata awe mpole vipi.

Tena hakupenda kungoja. Alijizoeza kutega sikio nje, na kinu kikianza kutwangwa, yeye hutuma funguo mapema, kwa kuwa penye kinu pana makande. Miaka mingi hakukosea. Kisha ukaja ukame.

Katika milima ya Upare aliishi mwanamke aitwaye Nakiete, ambaye mumewe alikuwa amekwenda mbali kutafuta chakula. Alibaki na mtoto anayenyonya. Watu wa huko walikuwa na haya kubwa: nyumba ambayo kinu chake hakikusikika jioni ilihesabiwa kuwa imeshindwa. Nakiete hakuwa na punje ndani, lakini alikuwa na majirani wenye masikio. Akamfunga mtoto mgongoni, akatia magunzi makavu kwenye kinu ili sauti isilie mbao kwa mbao, akaanza kutwanga. Wallahi, haya ikizidi huua.

Ndani ya mwili wake, Kongosho akasikia kinu. Akatuma funguo kwa moyo mweupe, kama siku zote. Milango ikafunguka kijiji kizima, na ile sukari kidogo iliyobaki njiani ikaingia ndani ya nyumba, ikatoweka. Huko juu Ubongo akaanza kufifia. Nakiete akatokwa na jasho jembamba, la baridi. Kinu akakiona kimekuwa vinu viwili. Aliendelea kutwanga, na mtoto mgongoni, na jiko la mawe likiwaka hatua chache kutoka miguuni pake. Hapa ndipo ninapopaogopa.

Njaa alipanda kwa Ubongo, akamkuta hajibu. Ndipo alipovunja mwiko, akaingia kwa Kongosho bila kubisha hodi. Mzee alikuwa ameshika kitita kingine cha funguo, yu tayari kukituma.

"Babu, nakuomba, usitume tena. Hakuna kinachokuja."

"Nani amekuruhusu kuingia humu? Mimi nimesikia kinu."

"Ni magunzi, babu. Anatwanga magunzi ili majirani wasijue."

Kongosho hakuamini. Katika maisha yake yote hakuwahi kusikia mtu akitwanga kitu kisicholiwa. Akauinua mkono atume kile kitita. Njaa akaurukia, akaushika kwa mikono yake yote miwili, na mzee alipovuta, naye akavuta.

Funguo zikakoma. Milango ikajifunga mmoja baada ya mwingine. Ini, mwenye ghala, ambaye hakutoa akiba yake kamwe maadamu funguo zilikuwa zikipita, aliona njia ni tupu, akafungua ghala. Sukari ikapanda polepole mpaka juu, na Ubongo akafumbua macho.

Nakiete alijikuta amepiga magoti, mchi umeanguka kando ya moto, mtoto analia mgongoni. Jirani yake, Mama Mbonea, alikuwa amesikia kinu kikikatika ghafla, akaja.

"Mwenzangu, una nini?"

Nakiete alitaka kusema ameteleza. Njaa, bila kuuachia mkono wa mzee, akapaza sauti mpaka ikamsukuma ulimi.

"Nina njaa," akasema.

Mama Mbonea akainama, akachungulia ndani ya kinu. Akatoa gunzi moja, akaligeuza.

"Na mimi natwanga hayo hayo," akasema. "Tangu mwezi uliopita."

Akarudi kwake, akaleta kiazi kikuu alichokuwa amekificha kwa ajili ya mbegu. Wakakichoma pale pale, wakala na kulia kidogo. Tonge la kwanza liliposhuka, Shibe akakimbia kwa Kongosho kumwambia kwamba safari hii ni kweli. Ndipo Njaa alipouachia mkono wa mzee.

Na tangu siku hiyo Kongosho husikiliza mabinti wote wawili. Shibe akimwambia chakula kimefika, hutuma funguo kwa wingi, hata kabla sukari haijajaa njiani. Njaa akimshika, huzuia. Sisi bado tunamtukana Njaa na kumkaribisha Shibe, wala simlaumu mtu, maana hata mimi humtukana.

Lakini kumshika mzee mkono si kazi ndogo, na Njaa hajui kamwe kama chakula kitakuja. Hushika hivyo hivyo, akiogopa. Ndiyo maana mtu akikaa na njaa muda mrefu, mikono yake hutetemeka.