Ukurasa wa Zamu ya Kwanza

Mtu akikurudishia kitu ambacho miaka yote alikuwa nacho bila kukuambia, umshukuru au umhoji? Swali hili nimelibeba siku nyingi. Nimewauliza wazee na nimewauliza watoto, na sijapata jibu la kunituliza. Basi nawapeni kisa chenyewe. Nyinyi huenda mna macho mapya.

Palikuwa na mwanamke wa milima ya Upare, Nakijwa Mrutu, aliyeishi kwa kuandika na kuhariri historia za mahali. Hakuajiriwa na mtu. Usharika wa kanisa ukitimiza miaka mia, anaitwa. Shule ikitaka kuwakumbuka walimu wake wa kwanza, anaitwa. Ukoo ukigombania babu, anaitwa, na mara nyingi huondoka akiacha mababu wawili. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi hiyo alijifunza kwamba kila msimulizi ana jambo analolipitia kando. Alijifunza pia kutotupa karatasi: kila ukurasa aliouondoa kitabuni aliuhifadhi kwenye sanduku, na wino wake mwekundu juu yake.

Katika kijiji cha Kwamvuo walikuwapo watu watatu wenye vipaji. Bibi Nanzia alikuwa haoni tena, lakini wimbo ukishamwingia sikioni haukutoka. Mzee Eliamini alitunza karatasi kama wengine wanavyotunza mbegu. Na fundi Kiondo, mwashi, aligonga jiwe kwa nyundo akajua lina nini tumboni.

Kwamvuo kilikuwa na ndiva, yaani bwawa la wazee la kukusanya maji ya kijito na kuyaachia mashambani asubuhi, kwa zamu. Chini ya ukuta wake palikuwa na mdomo wa mawe, uliozibwa na kuzibuliwa. Mwaka mmoja mvua zikaporomosha kilima, zikaifukia ndiva, mdomo wake na mtunza maji aliyekuwa akiujua. Watu walichimba mara tatu, mara tatu wakakutana na mwamba, wakaacha. Kwa miaka thelathini na moja wakalima kwa kutazama mawingu.

Mwishowe mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mfinanga, akamwita Nakijwa. "Dada, tuandikie habari za ndiva kabla waliomwagilia kwayo hawajatuishia."

Nakijwa akaanza na Bibi Nanzia, akamkuta anachambua maharage. Bibi akamwimbia wimbo wa wanawake waliobeba udongo siku za msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima. Wimbo ulihesabu hatua mpaka arobaini na tatu, kisha ukasema: tua.

"Tua wapi, bibi?"

"Mdomoni. Udongo wa kuzibia ungetua wapi kwingine, mwanangu?"

"Na hatua zinaanzia wapi?"

"Kwenye jiwe la alama. Jiwe lilifukiwa na kilima."

"Mbona hukuwaimbia waliochimba?"

"Walikuja na sururu. Hawakuja na masikio."

Akaenda kwa Mzee Eliamini, ambaye ujanani aliwashikia kamba wapima ardhi. Mzee akafungua sanduku la bati, akatoa daftari lenye mchoro wa jiwe la alama, umbali wake kutoka kona ya shule ya zamani, na upande wa kuelekea ndiva. Kuhusu mdomo, daftari halikusema neno.

"Mbona hukulitoa, mzee?"

"Daftari la serikali halitolewi kwa mtu asiye na barua. Wewe umekuja na barua ya mwenyekiti, tena ina muhuri."

Wakapima kutoka kona ya shule, wakalifukua jiwe. Wakaimba na kuhesabu, wakachimba kwenye hatua ya arobaini na tatu. Wakaukuta ukuta wa mawe yanayofanana kama mayai. Ukiling'oa lisilo lenyewe, ukuta wote unakuja chini. Ndipo akaitwa fundi Kiondo. Alilala kifudifudi topeni, akagonga, akasikiliza.

"Hili limejaa. Hili limejaa. Na hili pia, ondoeni miguu yenu." Kisha akasogea, akagonga tena. "Hili linajibu."

Wakalitia mtaimbo. Yakatoka matope meusi, yakafuata maji ya kahawia. Kwa wiki mbili kijiji kikazoa tope, kikakirudisha kijito bwawani, na asubuhi moja maji safi yakashuka mferejini.

"Na wewe, fundi, mbona hukugonga miaka yote hiyo?"

"Nigonge wapi, mama? Kilima kizima?"

Desturi ya Kwamvuo ilisema kwamba anayefufua ndiva iliyokufa hupewa zamu ya kwanza ya kila msimu, yeye na watoto wa watoto wake. Msichukulie jambo hilo kuwa dogo. Katika mwezi wa kiangazi, zamu ya kwanza ni maharage na zamu ya mwisho ni makapi. Kijiji kikabishana siku nne ni yupi kati ya wale watatu, kisha wakakubaliana kwamba jina litakaloandikwa na Nakijwa katika ukurasa wa mwisho ndilo litakalopewa zamu.

"Kitabu hakina shangazi wa kumpendelea," alisema Mzee Mfinanga.

Hapo watu wakaanza kumjia Nakijwa, mmoja mmoja, kila mmoja akitazama nyuma kabla ya kuingia.

"Hujiulizi," alisema wa kwanza, "kwa nini kila kiangazi mboga sokoni zilikuwa za Bibi Nanzia peke yake? Shamba lake linagusa kijito kule juu. Ndiva ya nini kwake?"

"Uliza mashamba ya bondeni yaliyokauka yako kwa nani," alisema wa pili. "Wenyewe walipohama, Eliamini aliyaokota moja moja. Mtu huyo ana haraka gani ya kufungua sanduku?"

"Hesabu punda wa Kiondo," alisema wa tatu. "Wanaobeba madumu ya maji ya kuuza. Kisha uniambie kama hakuwa anajua pa kugonga."

Nakijwa aliandika yote. Kila tuhuma ilikuwa na ukweli wa kutosha kuitwa ukweli, lakini kila mtuhumiwa naye alikuwa na jibu lisilovunjika. Je, Bibi Nanzia aliwahi kuulizwa? Hakuulizwa. Eliamini aliwahi kupelekewa barua? Hakupelekewa. Kiondo angegonga wapi? Alipowarudia, kila mmoja alimwonyesha mwenzake kwa kidevu. Akaanza kuwaogopa wote watatu, na kuwahurumia. Hivi vitu viwili hukaa ndani ya mtu mmoja bila kusalimiana.

Akarudi nyumbani kutafuta katika masanduku yake chochote kuhusu Kwamvuo, apate wa kumsafisha au wa kumfunga. Akaupata ukurasa wa kitabu cha miaka mia ya usharika, alichokiandika miaka kumi na minne iliyopita. Yalikuwa maneno ya mjane wa mtunza maji, naye sasa ni marehemu:

"Mume wangu alisema mdomo uko hatua arobaini na tatu kutoka jiwe la alama, usawa wa kona ya shule, na jiwe la kuzibia hulia ukiligonga."

Juu yake palikuwa na mstari mwekundu. Pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe: Nje ya mada.

Alikaa na ile karatasi mpaka chai ikapoa. Hakukumbuka kuikata. Kitabu kilihusu kanisa, na mjane alizungumzia maji. Mhariri yeyote angeikata. Lakini je, hivyo sivyo walivyosema wale watatu, kila mmoja kwa namna yake? Jiko lilikuwa linawaka. Karatasi moja tu, na nani angejua? Akiisoma mbele ya watu, usharika gani utamwita tena, ukoo gani utamwamini?

Siku ya mkutano wa kijiji wa kutaja jina, aliisoma.

Wa kwanza kucheka alikuwa Bibi Nanzia. "Kumbe tuko wanne."

"Miaka kumi na minne, mama," alisema Kiondo. "Na wewe ndiye uliyekuwa unatuuliza mbona."

"Au uliificha," alisema Eliamini polepole, "ili tukuite mara ya pili?"

"Sikuificha, mzee. Niliikata."

"Tofauti yake nini?" aliuliza Bibi Nanzia.

"Bado naitafuta, bibi."

Mzee Mfinanga alitoka nje na wazee wenzake, wakarudi na uamuzi. Kitabu kitachapwa na ukurasa wa mwisho mweupe. Mpaka ujazwe, zamu ya kwanza haitakuwa ya mtu: maji ya asubuhi ya kwanza ya kila msimu yatapita mashamba yote na kumwagika korongoni, na kijiji kizima kitasimama kutazama. Atakayezibua ni yule aliyekata ukurasa.

Msimu ulipofika Nakijwa alipanda mlima, akaingia topeni mpaka magotini, akaling'oa jiwe. Maji yakashuka. Yakayapita maharage, yakaipita mihogo na migomba yenye kiu, watu wakiwa wamesimama kandokando na majembe mabegani, na hakuna aliyeinama. Kule chini korongoni, punda wa Kiondo walikunywa.

Ukurasa ungali mweupe. Mmoja aliimba, mmoja alifungua sanduku, mmoja aligonga jiwe, na mmoja aliita watu wote hao waseme. Na kila mmoja wao, kabla ya hapo, alinyamaza. Haya, kalamu ninawapa nyinyi. Je, wewe ungeandika jina la nani?